Kibeti cha Harusi Huanzia Mkononi

Asalamu aleikum, mama zangu, dada zangu na wanangu mliokuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kushona kibeti cha harusi, ule mkoba mdogo wa mkononi. Nilichokileta nimekifunika kwa leso, yaani kanga, hapa mezani, na nitakifunua mwisho. Mkikiona sasa mtataka kukiiga, nami nataka kila mmoja ashone chake.

Kibeti changu cha kwanza nilikishona kwa ajili ya harusi ya binti wa mamangu mdogo. Mahameli nyeusi, lasi ya dhahabu, bitana ya satini. Nilianza na kitambaa kwa sababu kitambaa ndicho kilichoniita dukani. Usiku wa kupamba nikagundua simu haiingii mpaka niiinamishe. Pesa za kutunza, yaani za kumzawadia bibi harusi, zilikuwa chini kabisa, chini ya chupa ya marashi, na nyimbo zilipokolea, wenzangu wanainuka kumtunza bibi harusi, mimi nilikuwa bado nachakura. Kabla ya kwenda kulala mkanda uling'oka upande mmoja. Kilikuwa kizuri kile, na nililia kwa ajili yake.

Tangu siku ile sianzi na kitambaa. Natandika mkeka, naweka juu yake kila kitakachokwenda nami: simu, funguo, leso ya mkono, pesa, chupa ndogo ya udi. Basi. Halafu najiuliza mkono utafanya nini. Ukiwa na buibui, mkono mmoja unashika buibui, kwa hiyo kibeti lazima kifunguke kwa mkono mmoja. Ukipakata mtoto, unataka mkanda wa begani. Pesa za kutunza zinataka mfuko wake wa nje, usio na zipu, wa kuingia vidole vinne. Tena kuna harusi nyingi za kwetu ambazo simu haitolewi ndani, maana wanawake wamevua buibui na hawataki picha. Basi simu na ikae chini, pesa juu. Hapo ndipo umbo linapozaliwa.

Sasa vipimo. Simu nyingi za siku hizi zina urefu wa kama sentimita 16. Kibeti changu nataka kimalizike na upana wa 24, kimo cha 16, na kitako cha 6 ili kisimame chenyewe. Nitakata vipande viwili vya 32 kwa 21. Kwa nini? Upana ni 24, ongeza 6 za kitako, ongeza 2 za mishono. Kimo ni 16, ongeza 3 ambazo ni nusu ya kitako, ongeza 2 za mishono. Kateni kwanza kwa gazeti, mlibandike kwa pini, mlishike mbele ya kioo. Gazeti halina gharama, mahameli ina gharama.

Kitambaa je? Hapa Lamu tuna bahati ambayo hatuioni. Tanga kuukuu la mashua ni kitambaa kilichokwisha kuoshwa na mvua na kukaushwa na jua miaka, halitanywea tena. Lakini lilowekeni kwenye maji matamu na kubadilisha maji mara tatu, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kula kila chuma kinachoigusa. Kisha liinueni kwenye mwanga mlivute kwa mikono. Pale linapoachia, jua limeshalila, ruka hapo.

Nikishika tanga nakumbuka shiraa. Bibi zetu wa zamani hapa Lamu walitembea njiani ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa miti mithili ya hema, na kwa Kiarabu neno hilo hilo ndilo tanga la chombo. Walioibeba miti ile walikuwa watumwa, tusilisahau hilo tunapoisifu. Lakini kwamba nguo ya mwanamke na nguo ya chombo zilishiriki jina moja, mimi hunigusa kila mara mkasi ukiingia.

Juu ya tanga mimi huweka leso. Leso mpya ina wanga na rangi inayotoka, kwa hiyo ifueni kabla ya kukata, hasa nyekundu na nyeusi, isije ikaacha alama kwenye gauni jeupe la mwenzio. Mkitaka jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lionekane, someni kabla ya kukata. Jina lililokatwa katikati linaweza kusema neno ambalo hukulikusudia, na harusini watu wanasoma.

Leso peke yake ni nyepesi, itanyong'onyea. Ipigeni bandi juu ya tanga, mishono mirefu ya mkono, kisha ndipo cherehani. Kwa tanga tumieni sindano nambari 16, na mshono urefushwe hadi milimita 3. Kwa bitana ya satini, nambari 11.

Kitako hakitaki kipande cha ziada. Mnajua kanzu ina taharizi ubavuni za kuipa nafasi; kibeti kidogo kinapata nafasi kwenye pembe zake. Ukishashona pande mbili na chini, shika pembe, uilaze mpaka mshono wa ubavuni ukae juu ya mshono wa chini. Itatoka pembetatu. Chora mstari wa sentimita 6 unaoivuka, mshono ukiwa katikati, 3 huku na 3 huku. Shona juu ya mstari, kata ncha, ubakishe sentimita moja. Bitana nayo vivyo hivyo, ila ipunguzeni milimita 3 kila upande, la sivyo itajikunja ndani kama soksi. Chini yake acheni tundu la sentimita 10. Kibeti uso wake ukiwa nje, kitieni ndani ya bitana iliyogeuzwa, uso wake ukiwa ndani, shoneni mdomo wote, kisha kivuteni kupitia tundu lile. Kila ninapokivuta bado nafurahi kama mtoto.

Mkanda. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Mitepe ya visiwa vyetu hivi, vile vyombo vya tanga vya zamani, ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, haikupigwa msumari, ikabeba mizigo baharini. Mshono hubeba, ukipewa mahali pa kushika. Mkanda wangu uliong'oka niliushona kwenye satini peke yake, mstari mmoja. Sasa mwisho wa mkanda naushona kwenye tanga, mraba wenye msalaba ndani yake, na nyuma naweka kipande kingine cha tanga. Kisha natia kilo mbili za mchele, naning'iniza kwenye msumari wa mlango mpaka asubuhi.

Vyuma vya rangi ya dhahabu vya bei rahisi hushika kutu upesi kwa hewa yetu hii. Nunueni shaba, au kifungo cha kitambaa, au zipu ya plastiki.

Mapambo ni ya mwisho. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye mkono wa kofia za vito, mwombeni awatobolee na kuwadarizia kifuniko. Kofia nzima huchukua miezi. Kifuniko cha kibeti ni kazi ndogo kuliko hiyo, lakini mpeni muda, msimwendee harusi ikiwa kesho kutwa.

Haya, nakifunua. Huu upande wa mbele ni leso ya marehemu mamangu, iliyokwisha kuchakaa katikati. Nilichukua pindo tu, pande mbili za pindo, nikaziegemeza kwenye tanga. Pokeeni, mkipitishe. Fungueni, mtazame na ndani.