Kanuni si Kauli

Haya, tuanze. Leo nina kanuni moja tu, tena fupi, na wengi mtadhani mmeielewa kabla sijamaliza kuiandika ubaoni.

Tuseme tuko mwishoni mwa Ramadhani. Mwezi wa Mfungo Mosi ukionekana jioni hii, kesho ni Idi. Habari zinaingia: mwezi umeonekana. Kwa hiyo kesho ni Idi. Basi, kanuni ndiyo hiyo. Ukiwa na kauli ya sharti, "ikiwa P, basi K", na ukiwa pia na P, unaruhusiwa kuandika K. Kwa Kilatini huitwa modus ponens. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliijua. Chrysippus, karne ya 3 kabla ya Kristo, aliiweka ya kwanza kati ya hoja tano alizosema hazihitaji uthibitisho.

Tazameni sasa isichoruhusu. Umeamka, watu wanaswali Idi. Je, mwezi ulionekana jana? Huwezi kusema. Pengine mawingu yalitanda, Ramadhani ikatimia siku 30, na Idi ikaja vilevile. Kwa sababu hiyohiyo, aliyekosa kuuona mwezi hawezi, kwa hilo pekee, kutangaza kwamba kesho watu wanafunga. Kwenye mitihani makosa haya mawili hunipotezea wino mwekundu mwingi kuliko mengine yote.

Na ule ubishi wetu wa kila mwaka, tufuate mwezi wa hapa au wa Makka? Wale wanabishana juu ya kauli: sharti lenyewe lisemeje, na P imetimia au bado. Kanuni hawaigusi. Kila upande unaitumia ileile, ndiyo maana wanafika kwenye siku mbili tofauti huku wote wakiwa wamehitimisha kihalali.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwani kila mwaka mwanafunzi huniuliza: "Mwalimu, kwa nini hiyo kanuni usiiandike tu kama kauli nyingine kwenye hoja, tujue moja?"

Mwaka 1895 Lewis Carroll, aliyekuwa mwalimu wa hisabati Oxford, alichapisha mazungumzo mafupi kati ya Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, na Kobe. Kobe anakubali kauli A: vitu vinavyolingana na kitu kimoja vinalingana vyenyewe kwa vyenyewe. Anakubali B: pande hizi mbili za pembetatu zinalingana na kitu kimoja. Lakini Z, kwamba pande hizo zinalingana, bado hajaikubali. Achilles anamwomba akubali pia C: ikiwa A na B ni kweli, Z ni kweli. Kobe anakubali bila kinyongo, na C inaandikwa daftarini. Na Z? Bado. Basi iongezwe D: ikiwa A, B na C ni kweli, Z ni kweli. Inaandikwa nayo. Daftari linajaa, Achilles anachoka, na Kobe, mjanja kama makobe wa hadithi zetu, hajasogea hata hatua moja.

Kobe hakatai kauli yoyote. Anachokataa ni kutenda: kutoka kwenye kauli alizokwisha kuzikubali akaichukua ile inayofuata. Ukimwongezea kauli, umemwongezea kitu kingine cha kukubali na kukaa nacho. Kanuni inahusu kule kuhama, na kuhama hakuandikiki kama mstari mmoja zaidi wa hoja.

Ndiyo maana wajenzi wa mifumo ya mantiki wanaweza kupunguza karibu kila kitu isipokuwa hiki. Mwanamantiki Mjerumani Gottlob Frege, mwaka 1879, alianza na misemo ya msingi tisa, yaani kauli zinazokubaliwa bila kuthibitishwa, na kanuni ya kuhitimisha aliyoitaja waziwazi ni hii ya leo. Kanuni ya kubadilisha herufi, yaani kuweka kauli nyingine mahali pa herufi, aliitumia kimyakimya. Mwanamantiki mwenzake Gerhard Gentzen, katika miaka ya 1930, akageuza mzigo: katika mfumo wake mmoja aliondoa misemo ya msingi yote akabaki na kanuni tupu, na mfumo ukafanya kazi. Kinyume chake, misemo bila kanuni hata moja, hakijajengwa, kwa sababu msemo wa kwanza usingemzaa wa pili.

Kwa Gentzen hata "ikiwa P, basi K" ina namna yake ya kupatikana: unaikopa P kwa muda, unaitumia mpaka uifikie K, halafu unairudisha. Hilo la kukopa lina masharti yake, na ndilo somo la wiki ijayo. Maswali?