Tusimtafute Dangun kaburini

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: anayetaka kumjua Dangun, yule anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa kwanza wa Korea, aache kuuliza mifupa yake iko wapi. Mwaka 1993 Korea Kaskazini ilitangaza kwamba imeipata karibu na Pyongyang, kisha ikamjengea kaburi kubwa la mawe. Sikubali, na wanahistoria wengi wa nje hawakukubali.

Turudi kwenye kisa chenyewe, maana watu hukipitia juu juu. Hwanung, mwana wa bwana wa mbinguni, alishuka mlimani na wafuasi 3,000, pamoja na wakuu wa upepo, mvua na mawingu. Dubu na chui milia wakamwomba awafanye binadamu. Akawapa fungu la majani machungu ya jamii ya pakanga na punje 20 za kitunguu saumu: kuleni hivi, wala msione jua siku 100. Chui milia akashindwa. Dubu akavumilia, na siku ya 21 akawa mwanamke. Ya 21, jamani, si ya 100! Hata hivyo hakupata wa kumwoa. Akawa anakwenda chini ya mti mtakatifu kuomba mtoto, mpaka Hwanung akajigeuza mtu, akamwoa, naye akamzaa Dangun. Mwanzilishi wa Gojoseon, ufalme huo wa kwanza, basi, mama yake hakuwa binti mfalme. Alikuwa mnyama aliyekaa gizani akila machungu. Hapo ndipo ninapotaka mpashike.

Mtaniambia: mbona mwaka alioanzisha ufalme unajulikana, 2333 KK? Ulihesabiwa kutoka enzi ya Yao, mfalme wa China ambaye naye ni wa hadithi. Hiyo si tarehe!

Ulizeni kisa hiki kiliandikwa lini. Mtawa wa Kibudha, Iryeon, alikiweka katika Samguk Yusa, kitabu cha visa na historia ya kale ya Korea, kwenye miaka ya 1280. Ndiyo, anasema amekitoa katika maandishi ya kale zaidi, sibishi. Lakini historia rasmi ya Korea ya 1145 haikukisimulia. Kati ya vitabu hivyo viwili walikuja Wamongolia: uvamizi ulianza 1231, pagoda, yaani mnara, ya hekalu la Kibudha la Hwangnyongsa ikateketezwa 1238, na mwisho mfalme wa Korea akawa chini yao. Naamini watu wa wakati ule walimhitaji babu mmoja, mkongwe kama wafalme wa China, na mama aliyevumilia giza walimwelewa bila kufafanuliwa.

Muda umenibana. Sikukuu ya Oktoba 3 ya kukumbuka mwanzo wa taifa, na ile kalenda ya Dangun, inayohesabu miaka tangu 2333 KK, iliyotumika rasmi Korea Kusini hadi 1961, niulizeni kwenye maswali.