Rejesho la Pango na Ofisi Isiyotoza Hata Senti: mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Pennsylvania

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Orodha niliyopewa ni ndefu: leseni, dawa, gesi, vyeti, pesa zilizopotea, habari za mtaa. Nitafika huko muda ukiruhusu. Naanza na rejesho la pango, yaani pesa ambayo jimbo linakurudishia kutokana na pango ulilolipa, na wanaonijua wanajua siwezi kulipita haraka. Ni pesa ya watu waliomo humu ndani, na bado kuna wazee wanaoiacha ipite kila mwaka.

Kwanza tuelewane ni ofisi ipi itakusaidia kulidai. Ukiishi Pennsylvania una mwakilishi mmoja na seneta mmoja kule Harrisburg, makao makuu ya jimbo. Hao si wale wa Washington. Baraza la Wawakilishi la hapa lina watu 203, Seneti ina 50. Gawanya watu milioni 13 wa jimbo kwa 203, utaona kila mwakilishi ana wakazi kama 64,000. Mwakilishi huyo ana ofisi ya mtaani, mara nyingi chumba cha kawaida kando ya duka au benki, yenye wafanyakazi wanaolipwa na jimbo. Kazi yao ya kila siku ni kukaa na mkazi, kujaza fomu, kupiga simu idara za serikali na kufuatilia faili lililokwama. Bure. Hakuna ada ya fomu, hakuna ya kupiga kopi, hakuna ya shukrani. Mtu akikuomba dola 50 au 100 akujazie fomu ya rejesho, anakuuzia kitu ambacho jimbo linakupa bure.

Sasa rejesho lenyewe. Kwa Kiingereza linaitwa Property Tax/Rent Rebate, na jina hilo limetugharimu. Mzee akisikia kodi ya majengo anasema, mimi sina nyumba, hayo ni ya wenye nyumba. Hapana, mzee wangu. Anayepanga yumo. Serikali inachukulia kwamba asilimia 20 ya pango ulilolipa ndani ya mwaka ni kodi ya majengo uliyomlipia mwenye nyumba. Wewe umeilipa, kwa hiyo wewe ndiye unayerudishiwa.

Wanaostahili ni mwenye miaka 65 au zaidi, mjane au mgane mwenye miaka 50 au zaidi, na mtu mwenye ulemavu kuanzia miaka 18. Kuna tofauti kubwa kati ya zamani na sasa, na tafadhali mpelekeeni jirani aliyewahi kukataliwa. Zamani mpangaji alikuwa anatolewa mapato yake yakizidi dola 15,000 kwa mwaka. Sheria ya 2023 iliupandisha mpaka huo hadi dola 45,000, sawa na wa mwenye nyumba, na tangu hapo unasogezwa kila mwaka kufuata gharama za maisha. Kiwango cha juu nacho kilitoka dola 650 hadi 1,000. Aliyeambiwa 2021 kwamba hastahili, leo inawezekana kabisa anastahili.

Ngazi zilipoanza zilikuwa hivi: mapato hadi dola 8,000, rejesho hadi 1,000; mapato hadi 15,000, rejesho hadi 770; mapato hadi 18,000, rejesho hadi 460; mapato hadi 45,000, rejesho hadi 380. Mipaka ya mapato ndiyo inayopanda kila mwaka, kwa hiyo uliza ya mwaka unaodai.

Sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapojitoa wenyewe kabla ya kutolewa na mtu. Mapato yanayohesabiwa si yote yanayoingia mkononi. Pesa za Social Security, yaani pensheni ya serikali ya shirikisho, zinahesabiwa nusu tu, na SSI, ule msaada wa kila mwezi kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, pia nusu. Tuchukue mama anayepokea SSI ya kiwango kamili cha shirikisho, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 11,604. Nusu yake ni 5,802. Mama huyu yuko ngazi ya kwanza kabisa, ile ya dola 1,000.

Je, atapata 1,000 yote? Inategemea pango. Akilipa dola 700 kwa mwezi, kwa mwaka ni 8,400, asilimia 20 yake ni 1,680. Imevuka 1,000, basi anapata 1,000 kamili. Akiwa kwenye nyumba ya ruzuku analipa dola 300 kutoka mfukoni na serikali inamalizia, anahesabu zile 300 zake tu: 3,600 kwa mwaka, asilimia 20 ni 720. Anapata 720. Asiandike pango zima pamoja na ruzuku, fomu itarudishwa.

Na sharti moja linaangusha wengi: nyumba unayopanga lazima iwe inalipiwa kodi ya majengo, au mmiliki awe anatoa malipo mbadala badala ya kodi hiyo. Majengo mengine ya umma na ya mashirika ya dini hayalipi chochote. Usikisie. Swali hilo limo kwenye cheti cha pango, fomu inayoambatana na dai lako, na anayelijibu ni mwenye nyumba.

Mtasema, mwenye nyumba wangu hataki kusaini. Hilo nalisikia kila mkutano. Wengine wanaogopa, wengine hawajibu simu tu. Fomu imelifikiria hilo, kuna sehemu ya kiapo cha mpangaji. Unahitaji jina na anwani ya mwenye nyumba na ushahidi wa malipo, ndiyo maana nawasihi msilipe pango kwa pesa taslimu bila risiti. Mfanyakazi wa ofisi atakuonyesha pa kujaza. Kukataliwa saini kusikufanye uache dola 1,000 mezani.

Mtasema, naishi na mwanangu mtu mzima na jina lake limo kwenye mkataba. Sawa, ila unadai sehemu yako ya pango, si lote. Kwa familia zetu hili ni muhimu, maana tunaishi watatu, wanne, na mkataba una majina ya watu wazima wawili au zaidi. Peleka mkataba wenyewe. Mume na mke wanaoishi pamoja ni dai moja, na mapato yao yote mawili yanahesabiwa.

Mtasema, mimi si raia. Fomu inauliza ulikuwa mkazi wa Pennsylvania, una umri gani, mapato na pango kiasi gani, na namba yako ya Social Security. Na mwakilishi anahudumia wakazi wa eneo lake, wapiga kura na wasiopiga. Hakuna daftari mlangoni la nani alimpa kura nani. Kampeni hairuhusiwi hata kufanyiwa ndani ya ofisi ile, kwa sababu inalipiwa na fedha za umma.

Mtasema, nilikwenda Jumatatu nikaambiwa mheshimiwa hayupo. Bila shaka hayupo. Bunge likikaa yuko Harrisburg, na mara nyingi linakaa Jumatatu hadi Jumatano. Huhitaji kumwona mheshimiwa! Muhimu kwako ni yule mama au kijana aliyeko dawatini, ndiye anayezijua fomu. Hii tabia ya kusubiri kuonana na mkubwa tumeizoea kule tulikotoka, hapa inakupotezea wiki bure.

Beba nini? Kitambulisho na ushahidi wa umri kama unadai mara ya kwanza. Karatasi ya SSA-1099, ile inayoonyesha ulichopokea mwaka mzima, kama unapokea Social Security. Anayepokea SSI asiisubiri, SSI haina SSA-1099. Aombe Social Security barua ya mafao inayoonyesha kiasi alichopokea. Hapa wengi hukwama miezi. Beba pia cheti cha pango kilichojazwa, mwenye ulemavu uthibitisho wake, mjane au mgane cheti cha kifo cha mwenzake. Ukitaka pesa iingie benki, beba namba za akaunti kwenye hundi au karatasi ya benki, usizitaje kwa kichwa. Tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kusiko.

Kisha majina. Hapa naomba vijana mnaowasindikiza wazee mkae macho. Mtu ameandikwa kambini jina la baba likitangulia, kadi ya Social Security imegeuza, mkataba wa nyumba una jina la ubatizo peke yake. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1 kwa sababu ndiyo aliyoandikiwa. Hayo si makosa yenu. Ila kompyuta ya idara ya mapato haijui historia, inalinganisha herufi. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi, na tarehe ileile iliyo kwenye rekodi zao. Mkataba ukiwa na jina jingine, mwombe mwenye nyumba aurekebishe kabla ya kudai, au mweleze mfanyakazi mapema.

Tarehe ya mwisho kisheria ni Juni 30. Miaka mingi imesogezwa hadi Desemba 31, lakini usiweke moyo wako hapo. Malipo huanza Julai 1. Dai ni la kila mwaka. Kupata mwaka jana hakukuandikishi mwaka huu.

Naona naonyeshwa saa. Twende.

Gesi na umeme. LIHEAP, msaada wa kulipia joto la nyumba, hufunguliwa kila majira ya baridi, kwa kawaida Novemba, na si mkopo. Mpangaji anaruhusiwa kuomba, hata ambaye joto limo ndani ya pango lake. Una barua ya kukatiwa? Iseme mwanzoni kabisa, kuna fungu la dharura. Na kati ya Desemba 1 na Machi 31 kampuni zinazosimamiwa na PUC, tume ya jimbo ya huduma kama umeme na gesi, haziruhusiwi kumkatia mwenye kipato cha chini bila idhini ya tume. Kampuni haiwezi kujua kipato chako usipoipigia kueleza. Deni halifutwi, linakusubiri Aprili, basi lipa kidogo kidogo au omba mpango wa malipo.

Dawa za wazee: kuna PACE na PACENET, mipango ya jimbo ya kusaidia kulipia dawa, kuanzia miaka 65, ukiwa umeishi jimboni siku 90, zinazolipiwa na bahati nasibu ya jimbo. Kikomo cha mapato ya mwaka kwa PACENET ni dola 33,500 kwa asiye na mwenzi na 41,500 kwa wanandoa. Fomu ziko ofisini.

Pesa zilizopotea: hazina ya jimbo inashikilia mabilioni ya dola za watu, mishahara ambayo haikuchukuliwa, amana za umeme, akaunti zilizosahaulika. Tafuta kwa kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa, hata kwa makosa. Kudai ni bure.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa Pennsylvania ni dola 20, ada ya jimbo, na ofisi inakusaidia kuomba. Aliyezaliwa Nyarugusu au Bukavu hapati cheti hapa, msiwalaumu. Kibali cha kuegesha gari la mlemavu ni bure, daktari anajaza sehemu yake kwanza.

Jambo ambalo siwezi kuliruka hata nikivutwa shati: ofisi ya mwakilishi haiwezi kuisogeza kesi yako ya uhamiaji. Green card, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, uraia, kuunganisha familia, pasipoti ya Marekani, uamuzi wa Social Security, hayo ni ya mbunge wako wa Washington au maseneta wawili wa shirikisho. Nao hawagusi faili lako bila karatasi ya ruhusa yenye saini yako. Mwakilishi wa jimbo naye atakuomba ruhusa kama hiyo kabla ya kuulizia msaada wa chakula au mafao ya kukosa kazi. Saini, lakini soma jina la idara iliyoandikwa. Na yeyote kati yao hawezi kumpigia hakimu.

Kingine, kumwona mwakilishi hakusimamishi siku za rufaa. Ukinyimwa mafao ya kukosa kazi una siku 21 kukata rufaa. Kata rufaa kwanza, ndipo uende ofisini kuomba msaada. Watu wamepoteza haki wakisubiri simu irudi.

Habari za mtaa. Ofisi nyingi zina jarida la barua pepe, nyingine zinatuma na karatasi nyumbani. Tunalitupa pamoja na matangazo ya piza. Humo ndimo mnapotangaziwa LIHEAP imefunguliwa, barabara ipi itafungwa, siku ya kuchana nyaraka kwa mashine ili namba zenu zisiokotwe jalalani, siku ya kukaguliwa viti vya watoto vya gari, maonesho ya wazee yenye chanjo bure. Kijana mmoja kwa kila jengo ajiandikishe, alisome, aweke mambo matatu kwa Kiswahili kwenye kundi la WhatsApp. Mambo matatu tu, tarehe na mahali.

Na katika jarida hilo mtaona wito wa kujiandikisha kupiga kura. Raia, jiandikisheni, mwisho ni siku 15 kabla ya uchaguzi. Asiye raia, hata mwenye green card, asijiandikishe, na asimruhusu mtu amjazie. Tangu Septemba 2023 usajili huo unakuja wenyewe kwenye kompyuta ukienda kuchukua leseni, mpaka useme hapana. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza, au omba usomewe. Kujiandikisha kwa bahati mbaya kunaweza kuvunja ombi la uraia na hata kuleta amri ya kuondolewa nchini. Hilo mwakilishi hawezi kulifuta.

Vyeti vya pango viko kwenye meza ya kulia. Kila mpangaji aliyefika miaka 65 achukue kimoja cha kumpelekea mwenye nyumba kesho. Maswali ya mtu mmoja mmoja nitayajibu pale pale mezani.