Mshairi kwenye Sarafu: Kwa Nini Paul Laurence Dunbar Anastahili Senti 25

Mabibi na mabwana, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliotenga jioni hii kwa ajili ya ushairi, habari za jioni.

Nimekuja na sarafu moja. Naomba ipite mkono kwa mkono; kila mmoja aitazame vizuri kisha ampe jirani yake. Ni robo dola ya Marekani, yaani senti 25, ya mwaka 2022. Ina uzito wa gramu 5.67 na upana wa milimita 24.26. Ndani ni shaba tupu, juu na chini imevishwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ndiyo maana ukiigeuza ubavu unaona utepe wa rangi nyekundu umepita katikati. Upande mmoja yupo George Washington, kama ilivyo desturi yao. Upande wa pili yupo mwanamke mweusi aliyeinua mikono yote miwili. Nyuma yake ndege anaruka na jua linachomoza. Huyo ni Maya Angelou, mwandishi na mshairi wa Marekani.

Kabla yake hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuwekwa kwenye robo dola. Yeye ndiye aliyefungua mfululizo ulioanzishwa kwa sheria ya Januari 2021, iliyokiruhusu Kiwanda cha Sarafu cha Marekani kuwaenzi wanawake hadi 5 kila mwaka, kuanzia 2022 hadi 2025, kwa sharti kwamba kila mmoja awe amekwisha fariki. Angelou alifariki mwaka 2014. Mchoro wake ni wa Emily Damstra, na aliyeuchonga ni Craig Campbell. Hata huyo Washington wa upande wa pili ana kisa chake. Sura hiyo aliichonga mwanamke, Laura Gardin Fraser, kwa ajili ya robo dola ya mwaka 1932. Wataalamu waliipendekeza, lakini Waziri wa Fedha wa wakati huo, Andrew Mellon, akaiweka kando na kuchukua ya John Flanagan. Ikasubiri miaka 90 ndipo iingie kwenye robo dola. Mwanamke mmoja alipoingia kwenye sarafu hii, aliingia na mwenzake.

Lakini aliyenileta hapa leo ni yule ndege.

Mwaka 1969 Angelou alipochapisha kitabu cha maisha yake ya utotoni, jina la kitabu alilichota katika shairi la mtu mwingine, lenye mstari unaosema: najua kwa nini ndege wa tunduni huimba. Mwenye shairi ni Paul Laurence Dunbar, na alilitoa mwaka 1899, karibu miaka 30 kabla Angelou hajazaliwa. Mkewe Dunbar, Alice, ambaye naye alikuwa mwandishi, alieleza baadaye lilikotoka. Dunbar alikuwa ameajiriwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Kiangazi kilikuwa kikali, na yeye alikuwa amefungiwa katikati ya rafu zenye vyuma vya wavu, vumbi la vitabu likimkaba kifua, huku nje kuna miti na majani mabichi. Vile vyuma ndivyo vilivyomwonyesha tundu la ndege. Kwa hiyo mnapoipitisha sarafu ya Angelou mikononi mwenu, kwa kiasi fulani mmekwisha mshika Dunbar. Ninachodai ni kwamba apewe ya kwake.

Alizaliwa Dayton, Ohio, tarehe 27 Juni 1872. Wazazi wake, Joshua na Matilda, walikuwa watumwa Kentucky. Baba alipata uhuru akaenda kupigana upande wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mama ndiye aliyemlea na kumfundisha kusoma. Katika darasa lake la sekondari Paul alikuwa peke yake mweusi, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Orville Wright, yule yule ambaye baadaye yeye na kaka yake Wilbur waliipaisha ndege ya kwanza yenye injini. Mwaka 1890 Dunbar alianzisha gazeti dogo la watu weusi wa Dayton, na mashine iliyolichapa ilikuwa ya akina Wright. Halikudumu.

Alipomaliza shule, ofisi za mjini hazikumtaka kwa sababu ya rangi yake. Kazi aliyoipata ni ya kuendesha lifti katika jengo moja la biashara, kwa dola 4 kwa wiki. Hebu mfikirieni humo ndani: kijana mwembamba, kengele inalia, anafungua mlango, anapandisha watu, anateremsha, na kati ya kengele na kengele anatoa karatasi na kuandika. Humo ndimo ulimoiva ushairi wake. Mwishoni mwa 1892 alichapisha diwani yake ya kwanza kwa gharama ya dola 125. Pigeni hesabu: hiyo ni zaidi ya mshahara wa wiki 31, kama asingekula wala kumpa mama yake hata senti. Deni alililipa kwa kuwauzia kitabu abiria wa lifti, nakala moja kwa dola moja.

Hiyo dola moja msiisahau, tutairudia.

Mwaka 1893 alikwenda Chicago kwenye maonyesho ya dunia, na Frederick Douglass, mzee aliyeheshimika kuliko mtu mweusi yeyote Marekani wakati huo, akampa kazi katika banda la Haiti. Miaka mitatu baadaye, siku ile ile alipotimiza miaka 24, mhakiki mashuhuri William Dean Howells alimsifu katika jarida lililosomwa nchi nzima. Kuanzia hapo jina likaruka. Alikuwa mshairi mweusi wa kwanza wa Marekani kupata umaarufu wa taifa zima na kujaribu kuishi kwa kalamu yake.

Sifa zile, hata hivyo, zilikuwa na mwiba. Dunbar aliandika kwa namna mbili: Kiingereza sanifu, na lugha ya mashambani ya Weusi wa Kusini. Howells aliipenda ya pili, na wasomaji weupe wakamfuata. Wakataka vichekesho na vijembe vya mashambani, hawakutaka kilio. Mwaka uliofuata Dunbar mwenyewe alilalamika kwa barua kwamba Howells amemdhuru kwa namna isiyoweza kurekebishwa. Mtu aliyeandika shairi kuhusu watu wanaovaa barakoa ya kucheka huku mioyo inatoka damu, akavalishwa ile barakoa yeye mwenyewe. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 9 Februari 1906, akiwa na miaka 33.

Sasa tuje kwenye sarafu yenyewe, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Marekani ina njia mbili za kumtia mtu kwenye sarafu. Ya kwanza ni sarafu ya kumbukumbu. Hiyo inatungiwa sheria yake na Bunge, na tangu 1999 hazizidi programu mbili kwa mwaka. Kwa kawaida hufuliwa za aina tatu: ya dhahabu ya dola 5, ya fedha ya dola 1, na ya nusu dola ya metali za kawaida. Kila moja inapouzwa huongezewa ada: dola 35 kwa ya dhahabu, dola 10 kwa ya fedha, dola 5 kwa ya nusu dola. Ada hiyo hupewa taasisi iliyotajwa kwenye sheria, baada ya kiwanda kurudisha gharama zake, na taasisi nayo lazima iwe imechangisha kiasi kama hicho kwa watu binafsi. Ni utaratibu mzuri. Sarafu za mwaka 2024 za Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyewatorosha watumwa, zilipangwa kuchangia nyumba yake ya Auburn, New York, na jumba la makumbusho la Cincinnati linalohifadhi historia ya njia za siri za kutoroshea watumwa.

Njia ya pili ni ya hii mliyonayo mikononi: sarafu ya mzunguko. Hainunuliwi kwenye sanduku la mahameli. Unapewa kama chenji.

Historia ya njia ile ya kwanza ina somo ambalo nadra kusimuliwa. Mwaka 1946 Bunge liliidhinisha nusu dola ya fedha ya Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Weusi, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye sarafu ya nchi hiyo. Aliyeichonga ni Isaac Scott Hathaway, msanii mweusi. Sheria iliruhusu sarafu hadi milioni 5, ili mapato yajenge ukumbusho mahali alipozaliwa, Virginia. Hazikununuliwa kama ilivyotarajiwa. Zilizobaki zikayeyushwa, na kuanzia 1951 fedha ile ikafuliwa nusu dola nyingine yenye sura mbili, Booker T. Washington na mwanasayansi George Washington Carver. Na lengo la mapato ya sarafu hiyo mpya? Sheria ilitamka waziwazi: kupinga kuenea kwa ukomunisti miongoni mwa Weusi. Mnaona mambo yalivyo. Sura za waliozaliwa utumwani zilichukuliwa zikafanywa chombo cha siasa ya siku ile. Kwangu hiyo ni barakoa ile ile ya Dunbar, safari hii imefuliwa kwa fedha.

Kuunganisha ushairi na sarafu si jambo geni kwetu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zikakamilishana kwa kina kimoja. Mchuuzi wa samaki alikuwa akipokea mistari miwili yenye kina kila alipouza.

Basi nirudi kwa Dunbar. Anapotajwa mtu wa aina yake, hoja inayokuja haraka ni sarafu ya kumbukumbu, na siipingi. Lakini dola ya fedha ya namna hiyo huuzwa kwa bei inayozidi sana dola moja. Huyu ni mtu aliyeuza kitabu chake kizima kwa dola moja, ndani ya lifti, kwa makarani na wafanyabiashara waliokuwa wakipita. Heshima ambayo muuza duka na dereva wa basi hawawezi kuishika haimfai. Halafu haja ya ada ile si kubwa kwake kama kwa wengine: nyumba aliyomnunulia mama yake Dayton mwaka 1904 ilifanywa ukumbusho wa jimbo la Ohio mwaka 1936, na leo imo katika hifadhi ya taifa pamoja na maeneo ya akina Wright. Paa lake lina mwenyewe. Anachokosa Dunbar ni wasomaji. Jina lake mnalikuta kwenye malango ya shule nyingi za Marekani, na wanafunzi wanaingia na kutoka chini yake bila kujua hata ubeti mmoja.

Ndiyo maana nataka apewe senti 25, zifuliwe Philadelphia na Denver kwa mamia ya mamilioni, zianguke kwenye mashine za kufulia nguo na mifukoni mwa watoto.

Na achorweje? Picha zake zinazojulikana zaidi zinamwonyesha na suti nadhifu na kola ndefu, macho yametulia. Mchongaji atavutiwa nazo, na ni haki yake, kwa kuwa Dunbar alijitunza sana mbele ya kamera. Mimi ningemwomba amchore ndani ya lifti: mlango wa vyuma uko wazi, mkono mmoja umeshika wenzo, mwingine umeshika kalamu. Ndege asiwekwe. Angelou amekwisha mtoa tunduni, na anaruka kwenye sarafu yake.

Sarafu imefika nyuma? Vizuri. Aliye nayo sasa aipitishe upande wa pili wa ukumbi, kisha tuanze maswali.