Miezi 180: mazungumzo na wafanyakazi wa Tanga kuhusu pensheni

Assalaam aleikum. Habari za jioni wazee wangu, mama zangu, vijana. Ahsanteni kwa kuja hapa Ngamiani Jumapili hii na mvua yote ile. Nimeambiwa nizungumze kwanza, maswali baadaye, lakini anayeona nampotezea muda anikatize tu.

Tangazo pale mlangoni linauliza: mtu afanye kazi miaka mingapi ndipo apate pensheni? Jibu la haraka ni miaka 15. Ukitaka kuondoka na hilo, ondoka, hutakuwa umedanganywa sana. Ila sheria haikuandikwa hivyo. Ya NSSF, mfuko wa pensheni unaotuhusu sisi wa kampuni, mashamba na viwanda, na ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, zote zinahesabu michango ya miezi 180. Sawa, 180 gawa kwa 12 ni 15. Lakini miaka 15 ya kazi ni kitu kimoja, michango ya miezi 180 ni kitu kingine, na watu wengi wa mkoa huu wamepotelea hapo katikati.

Tuanze na mkonge, maana hakuna nyumba Tanga isiyokuwa na mtu aliyepitia huko. Miche ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikapandwa upande wa Pangani, na baadaye mashamba yakatapakaa Muheza, Korogwe, kote huko. Wakaja manamba, babu zetu, kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30. Umekata mkonge wako, umetimiza ngwe yako, siku inatiwa alama. Umeugua, alama hakuna, na kipande kinakungoja. Mzee aliyekaa kambini mwaka mzima alijua kabisa kwamba hana vipande 12, na wala hakuhitaji mhasibu amwambie.

Mfuko wa pensheni nao unahesabu hivyo hivyo. Tofauti ni moja, na ndiyo iliyonileta hapa: babu aliiona alama ikitiwa mbele ya macho yake. Wewe huioni. Alama yako inatiwa pale mwajiri anapopeleka fedha kwenye mfuko. Asipopeleka, umeamka saa kumi na moja, umefanya kazi, umekatwa mshahara, na kwenye hesabu ya mfuko mwezi ule haupo.

(Sauti kutoka nyuma: "Hiyo imetukuta!")

Najua imewakuta. Kwa hiyo nisikilizeni hapa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. NSSF, mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10, nyingine anaongeza yeye. PSSSF mtumishi anakatwa 5, mwajiri anatoa 15. Fedha za mwezi huu zinatakiwa zifike kwenye mfuko mwezi unaofuata, na anayechelewa anatozwa adhabu. Sasa ile karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa, basi. Haionyeshi kama zimefika. Kinachoonyesha zimefika ni taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wenyewe. Nimefanya kazi ofisi za utumishi muda mrefu, na nimekutana na watu waliotunza karatasi za mshahara kwenye sanduku kwa miaka mingi, wala hawajawahi kuomba taarifa ya michango hata mara moja. Wanakwenda kuiomba wakiwa na umri wa miaka 59.

Wazee walio hapa mbele watasema, mbona sisi hatukuhesabiwa miezi? Ni kweli. Kuanzia 1964 kulikuwa na NPF, Mfuko wa Akiba wa Taifa. Akiba maana yake unastaafu, unapewa ulichoweka na riba yake, mara moja, mmeagana. NSSF ilipochukua nafasi yake kwa sheria ya 1997 ndipo mwanachama wake akaanza kulipwa kila mwezi mpaka anapofariki. Na hapo ndipo hesabu ya miezi ikawa jambo kubwa, kwa sababu mfuko ukikubali kukulipa maisha yako yote, lazima kwanza uwe umeulipa muda wa kutosha.

Lakini hata miezi ikitimia, lazima awepo wa kulipa. Mji huu una reli na una bandari, kwa hiyo tunawajua waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani. Jumuiya ikavunjika 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni ukaja kusainiwa 1984. Wastaafu wa kwetu miaka ya 2000 walikuwa bado mahakamani wanadai haki zao, wengine wakifika kwa mkongojo, wengine wakiwakilishwa na wajane. Watu hao hawakupungukiwa na mwaka hata mmoja wa kazi. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu vijana wanapoona wazee wana hasira wakisikia neno "mafao", wanadhani ni uzee.

Turudi kwenye miezi. Jambo ambalo wengi hawalijui: miezi 180 si lazima ifuatane. Umefanya kiwandani Pongwe miaka minne, ukakaa nyumbani mitatu, ukaingia bandarini, ukaenda Dar, yote inajumlishwa. Wanatusema watu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Haidhuru, ondoka, lakini namba yako ya uanachama ondoka nayo. Kila mwajiri mpya akikuandikisha kwa namba mpya unajikuta una vipande vya michango kila mahali, kimoja hakijui kingine, na kuviunganisha ni safari za ofisini. Na aliyeanza kufundisha shule ya binafsi kisha akaajiriwa na serikali, vipindi vyake vya mfuko mmoja na mwingine vinajumlishwa kisheria. Asiambiwe na mtu kwamba anaanza upya.

Anayeanza upya ni yule aliyejitoa akachukua fedha zake. Hili halina njia ya mkato. Zamani watu walijitoa kila kazi ilipoisha, mtu amejitoa mara tatu, kila mara anarudi sifuri, kisha anashangaa ana miaka 30 ya kazi na miezi 60 ya michango. Simlaumu, mwenye njaa ya leo huwezi kumwambia habari za uzee. Sheria ya 2018, ile iliyounganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF, ilileta fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 analipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Ni dogo, lakini halifuti miezi yako.

Sasa fedha zenyewe. Nchi nzima imegombania kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, zaidi sehemu ya mkupuo, ile unayopewa mara moja ukistaafu, asilimia 25, 33, na nyinginezo. Mimi leo nataka mtazame namba 580. Pensheni ya mwaka ni miezi yako ya michango, mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora, gawa kwa 580. Aliyekuwa na wastani wa 900,000 kwa mwezi na miezi 180 kamili anapata kama 279,000 kwa mwezi, kabla hajakatwa ile sehemu ya mkupuo. Mwenzake mwenye mshahara ule ule na miezi 360 anapata kama 558,000. Mwenye miezi 179 pensheni ya kila mwezi hana. Hatupwi, akifika umri analipwa mkupuo maalumu mara moja, lakini hana kila mwezi. Kwa hiyo ukifikisha 180 usikae ukasema nimemaliza.

Je, 15 ni mingi? Kwangu mimi ni mingi. Ujerumani mtu anapata haki ya pensheni kwa miaka 5 ya michango. Marekani ni kama 10. Uingereza 10 inakupa kitu kidogo na inataka 35 ili upate kamili, na huo ndio mpango ninaouona wa haki: mwenye kidogo apewe kidogo, kila mwezi. Mkata mkonge anayeajiriwa kwa msimu, miaka 15 ya michango ataipata akiwa na umri gani? Na hapo ng'ambo, Zanzibar, tangu Aprili 2016 mzee wa miaka 70 analipwa pensheni jamii bila kuulizwa alichangia wapi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni fedha ya sabuni na sukari, lakini bibi aliyelima mwani maisha yake yote naye anaipata.

Akina mama, moja kwenu kabla sijasahau: fao la uzazi la NSSF linataka miezi 36 ya michango, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Msingoje uzee ndipo mwulizie taarifa zenu.

Haya, maswali.

Dada yule anauliza: kampuni ilimkata, haikupeleka, na sasa imefungwa. Dada, usikae kimya. Mfuko una mamlaka ya kisheria ya kumdai na kumshtaki mwajiri. Wewe peleka ushahidi: barua ya ajira, karatasi za mshahara, kitambulisho cha kazi, hata taarifa ya benki inayoonyesha mshahara unaingia. Na mkienda watu kumi mliokuwa pamoja, mtasikilizwa haraka kuliko mmoja mmoja.

Kijana wa bajaji: ndiyo, aliyejiajiri anaruhusiwa kujiandikisha NSSF mwenyewe na kuchangia. Hesabu ni ile ile.

Mzee wangu wa kofia, umesema una miaka 55, umefanya kazi miaka 14, umechoka na unataka kuacha ufungue duka. Umechangia miezi mingapi? Hujui. Basi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, pita ofisini kwao uombe taarifa yako. Wakikwambia ni 168, imebaki 12, na hiyo unaweza kuichangia mwenyewe ukiwa dukani kwako. Wakikwambia ni 110, barua hiyo iweke kabatini kwanza, uje tuzungumze na huyo mwajiri wako.