Basi la Shule Uingereza: Nani Anapanda Bure, Nani Analipa

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, leo tuko na Salim kama kawaida, mimi Rehema, na leo hatuongelei visa wala kodi ya nyumba, leo ni basi la shule. Maana meseji za sauti mlizotuma wiki hii, mh!

SALIM: Moja ya dakika kumi na moja. Mama yule alianza na salamu za familia nzima, mpaka afike kwenye basi mimi chai ishapoa.

REHEMA: Muache mama wa watu, ana machungu. Na mimi nina yangu nitayasema. Ila kwanza Salim, huku hamna konda wa kukukunja shati mlangoni. Mimi nimesoma Dar, nauli ya mwanafunzi mia mbili, na kwa hiyo mia mbili konda anakuona kama umemuibia, gari likisimama anasema wanafunzi wawili tu, nyie mko arobaini na unifomu zenu. Kwa hiyo nilipofika huku nikaambiwa watoto wanapelekwa shule bure na kaunsili, yaani serikali ya mtaa, nikasema hii ndo Ulaya bwana.

SALIM: Ukadhani ni watoto wote.

REHEMA: Nikadhani wote! Kumbe.

SALIM: Basi tuanzie hapo hapo. Tunaongea England, sawa, maana Wales wana sheria yao, na Scotland ndo usiseme, kule tangu Januari 2022 mtoto mpaka kijana chini ya miaka 22 anapanda basi lolote la kawaida bure akiwa na kadi yake. England ni maili. Mtoto wa chini ya miaka 8, skuli iwe zaidi ya maili 2. Akishatimiza 8 mpaka 16, zaidi ya maili 3. Maili 3 ni kama kilomita tano kasoro.

REHEMA: Kwa miguu. Januari. Giza totoro.

SALIM: Kwa miguu, tena wanapima ile njia fupi kabisa ambayo mtoto anaweza kutembea salama akiwa na mtu mzima. Hayo maneno "akiwa na mtu mzima" yashike vizuri, nitayarudia.

REHEMA: Hivi hizo maili tatu zilitoka wapi? Nani alikaa akasema mtoto wa darasa la nne atembee maili tatu?

SALIM: Za zamani hizo dada, zimo kwenye sheria ya elimu ya 1870. Hazikuwekwa kwa ajili ya usafiri hata. Ilikuwa mzazi asipompeleka mtoto skuli anashtakiwa, sasa kikawekwa kisingizio halali, kwamba kama hamna skuli ndani ya maili 3 basi huna kosa. Ile ya maili 2 kwa wadogo ikaja na sheria ya 1944. Na mpaka leo mantiki ni ileile, ukikaa nje ya huo umbali na kaunsili haijapanga usafiri unaofaa, haiwezi kukupeleka mahakamani kwa sababu mtoto haendi skuli. Ndo maana wanatoa basi. Si ukarimu ule.

REHEMA: Ahaa. Sasa hapo umenifungua macho, maana mimi nilikuwa naliona kama ni msaada, kama benefiti fulani hivi.

SALIM: Na wengi wanaogopa kwa sababu hiyo. Kuna ndugu yetu mmoja anafanya kea, ile kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, kwenye visa yake imeandikwa haruhusiwi misaada ya serikali, hajaomba basi miaka miwili, anamlipia mtoto nauli kila siku. Usafiri wa skuli haumo kwenye ile orodha ya misaada iliyokatazwa. Omba bwana.

REHEMA: Miaka miwili! Maskini.

SALIM: Haya sema yako sasa, maana najua inakuwasha.

REHEMA: Inaniwasha kweli. Binti yangu alivyokuwa anaenda sekondari, kuna shule ya karibu, maili mbili na nusu hivi, na kuna nyingine maili karibu nne, ile ya mbali ndo anasoma binamu yake, matokeo mazuri, ina uwanja, ina kila kitu, mimi nikaiweka namba moja kwenye fomu ya kuomba shule, ile ya karibu sikuiandika kabisa. Machi mosi jibu likaja, amepata! Tukapika pilau. Nikasema tena maili nne, zaidi ya tatu, basi bure hilo. Nikaomba. Wakanijibu hapana.

SALIM: Kwa sababu?

REHEMA: Kwa sababu siyo shule ya karibu zaidi inayomfaa. Nikasema lakini ni zaidi ya maili tatu! Wakasema mama, maili tatu zinahesabika ukiwa unaenda shule ya karibu yenye nafasi, wewe umechagua mwenyewe ya mbali, na ungeiomba ile ya karibu ungepata.

SALIM: Basi hapo ndo watu wetu wengi wanapoteleza. Tunasikia maili tatu tunashika maili tatu, na swali la kwanza la kaunsili siyo maili, ni je, hii ndo skuli ya karibu ambayo mtoto angepata nafasi?

REHEMA: Na inauma kwa sababu Salim, kama ningeiandika ile ya karibu, wakaninyima kwa kuwa imejaa, basi ile ya mbali ndo ingekuwa shule yangu ya karibu na basi ningepewa. Uamuzi wa basi ulifanyika Oktoba nilipokuwa najaza fomu, mimi nakuja kuliulizia Juni.

SALIM: Oktoba 31 ndo mwisho wa fomu za sekondari, za praimari ni Januari 15. Kabla ya hapo ingia kwenye tovuti ya kaunsili yako usome sera yao ya usafiri, ama wapigie uwaulize, kwa postikodi yangu hii skuli yangu ya karibu ni ipi kwa kipimo chenu. Si kwa kipimo cha simu yako.

REHEMA: Eh hiyo nayo! Yule mama wa dakika kumi na moja, simu yake inasema maili 3.1, kaunsili inasema 2.9, kumbe wamepitisha mtoto kwenye kinjia cha katikati ya bustani.

SALIM: Wanaruhusiwa, wanahesabu na njia za miguu, si barabara ya gari pekee. Ila hapo ana pa kushika, kinjia kile kina taa? Geti linafungwa saa ngapi? Kikijaa maji huwa kinapitika? Kama njia si salama basi haihesabiki, na kama hamna njia nyingine salama chini ya hizo maili, mtoto anapewa usafiri hata akikaa karibu.

REHEMA: Sasa wataniambia kuna mtu mzima.

SALIM: Ndo nilisema nitarudia. Wanaangalia usalama wakichukulia mzazi anamsindikiza, kwa hiyo ukiandika kwenye rufaa "mtoto wangu ni mdogo atapotea" hiyo haina nguvu, na ukiandika "mimi niko shifti ya asubuhi" kwa kawaida hawaihesabu pia. Andika barabara haina pa kutembea miguu, magari yanakimbia, hamna pa kuvukia. Jirani yangu alitembea njia yote saa moja na nusu asubuhi na simu mkononi anarekodi, Desemba, akawatumia video. Wakaja kupima upya, wakakubali.

REHEMA: Mimi rufaa yangu nilishindwa, nakiri. Niliandika kurasa tatu za hasira.

SALIM: Hasira haipimwi kwa maili dada.

REHEMA: Nyamaza wewe. Lakini waambie watu utaratibu, ni muhimu huo.

SALIM: Mwongozo wa wizara ya elimu unapendekeza hivi, ukikataliwa una siku 20 za kazi kuomba waangalie tena, wao wakujibu ndani ya 20, wakikataa tena una 20 nyingine kwenda kwenye jopo lisilohusika na uamuzi wa kwanza, na jopo lina siku 40. Baada ya hapo kuna Ombudsman wa serikali za mitaa, yule anayepokea malalamiko, lakini yeye anaangalia kama walifuata utaratibu, hakai kupima barabara yako.

REHEMA: Haya, na wenye kipato kidogo? Hili limeulizwa sana.

SALIM: Hapa kuna neema kidogo. Mtoto akiwa anastahili chakula cha bure cha skuli kwa sababu ya kipato cha nyumbani, maili zinapungua. Wa miaka 8 mpaka kabla ya 11 anabaki na maili 2. Na wa 11 mpaka 16 anaweza kwenda yoyote kati ya skuli tatu za karibu zinazomfaa, ikiwa ni zaidi ya maili 2 na haizidi 6.

REHEMA: Yaani mimi na shule yangu ya mbali ningepona hapo.

SALIM: Kama ilikuwa ndani ya tatu za karibu, ndio. Na kama umechagua kwa sababu ya dini inaenda mpaka maili 15, skuli ya karibu ya dini yako, hiyo wanaitumia sana ndugu zetu Wakatoliki wa Kongo, na sisi Waislamu pale ilipo skuli. Ila kuna mtego. Serikali ilitangaza Juni 2025 kwamba kuanzia Septemba 2026 kila mtoto ambaye nyumbani wanapokea Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, atapata chakula cha bure. Watu watadhani na usafiri pia ndo hivyo. Hapana, kwenye usafiri wanabaki na kile kiwango cha zamani, mshahara wa nyumba usizidi pauni 7,400 kwa mwaka.

REHEMA: Chakula ndiyo, basi hapana. Wanajua kutoa mkono wa kulia wakafunga wa kushoto hawa. Na bethidei ya miaka 8 isemwe jamani. Mtoto anakaa maili mbili na nusu, ana miaka 7, anapanda basi, anakata keki, maili zinakuwa tatu, basi limekwisha. Kaunsili nyingine zinamwacha amalizie muhula au mwaka, nyingine ni mpaka uombe.

SALIM: Na wenye mahitaji maalumu, watoto wenye usonji, wenye kiti cha magurudumu. Hapo maili hazihesabiwi, kinachoangaliwa ni kama anaweza kutembea mpaka skuli kwa hali yake. Watu wanadhani lazima awe na EHCP, ule mpango wa mahitaji yake. Si lazima, na kuwa nao pia hakukupi basi moja kwa moja. Na wakikwambia chukua pesa ya mafuta umpeleke mwenyewe, hiyo mpaka wewe ukubali.

REHEMA: London sijui kama tuwasemee, wao wana Zip Oyster, kadi ya usafiri ya watoto, mtoto anapanda basi jekundu bure, hawajui shida zetu hawa. Wa miaka 17 je? Kuna baba kauliza.

SALIM: Ishapita 16, hapo hamna haki ya bure ya jumla. Kaunsili inatoa tamko lake kila mwaka ifikapo Mei 31, asome la kwao, mara nyingi ni kuchangia.

REHEMA: Na mimi ndo nachangia mpaka leo. Baada ya kushindwa nikanunua kiti kilichobaki kwenye basi lao hilohilo. Binti anakaa na wanaopanda bure, na kila mwaka naomba upya, wakipata mwenye haki wananinyang'anya. Dereva mwenyewe mtu wa Bukoba, ananiambia mama nanihii, mwakani sijui.

SALIM: Mwambie akuwekee.

REHEMA: Hawezi, ana orodha. Jamani saa tisa na robo hii, basi linashusha saa tisa na nusu, mimi naenda kusimama kituoni. Salim zima hiyo mashine.