Gofu ya Bei Nafuu, Viwanda vya Bia na Watoto Watatu: Likizo ya Uskoti

NEEMA: Habari zenu wasikilizaji, popote mlipo. Mimi ni Neema.

BARAKA: Na mimi Baraka. Karibuni sana.

NEEMA: Kaka Baraka, swali la leo linatufikia kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, hasa kutoka kwa familia zetu zinazoishi Uingereza. Baba anataka gofu, na anapenda kuona bia inavyopikwa. Mama anasema hela ni hiyo hiyo moja, na watoto watatu wapo. Wafanye nini?

BARAKA: Waende Uskoti. Ila wasianzie pale ambapo kila mtu akisikia gofu anapafikiria.

NEEMA: St Andrews.

BARAKA: St Andrews ni mji wa gofu wa heshima, sipingi. Lakini raundi moja pale Old Course, uwanja wake mkongwe, wakati wa kiangazi inapita pauni 300, na hiyo ni ya mtu mmoja. Kwa hela hiyo familia nzima inalala na kula siku kadhaa. Mimi nawapeleka East Lothian, ule ukanda wa pwani ulio mashariki ya jiji la Edinburgh. Eneo dogo tu, lakini viwanja vya gofu vinazidi 20, na treni inafika.

NEEMA: Ngoja kwanza. Kuna watu wanatusikiliza hapa wameshakata tamaa. Kwetu gofu ni mchezo wa wakubwa. Una uzio, una mlinzi getini, na ukiingia unaulizwa wewe ni mgeni wa nani.

BARAKA: Najua, dada. Nimekulia karibu na uwanja wa aina hiyo. Vijana wa mtaani tulikuwa makedi, wabeba fimbo za wachezaji. Hodari wengi niliowajua walijifunza mchezo huku wamebeba begi la mtu mwingine. Ndiyo maana nataka hili lisikike vizuri: Uskoti gofu ilianza kama mchezo wa watu wa mji. Mwaka 1457 Bunge lao liliipiga marufuku, pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu watu waliacha mazoezi ya upinde na mishale wakawa wanacheza tu. Huwezi kupiga marufuku kitu kinachochezwa na matajiri wanne.

NEEMA: Na walikuwa wanacheza wapi?

BARAKA: Kwenye ardhi ya kando ya bahari. Mchanga mtupu, upepo, majani mafupi, hakuna anayeweza kulima pale. Kondoo wanachungwa, watu wanapita, watoto wanacheza. Ardhi ya mji. Na mchanga una faida moja kubwa: mvua ikinyesha maji yanazama mara moja, kwa hiyo mnacheza hata majira ya baridi. Mpaka leo, pale katikati ya Edinburgh, Bruntsfield Links, kuna uwanja mdogo wa gofu, mashimo yake ya umbali mfupi, ambao ni bure. Bure kabisa. Ni bustani ya wazi, watu wanatembeza mbwa, wanafunzi wamekaa kwenye majani, na wewe unapiga mpira wako. Huulizwi jina. Nilisimama pale nikawakumbuka wenzangu wote wa begani.

NEEMA: Basi siku ya kwanza ni Bruntsfield, tena bila kutumia senti.

BARAKA: Siku ya kwanza ni hapo. Beba fimbo mbili tu, ya kupigia na ya kusukumia mpira shimoni. Watoto wazoee kushika fimbo kabla hujawalipia popote.

NEEMA: Na siku ya pili?

BARAKA: North Berwick. Treni kutoka Edinburgh ni kama nusu saa. Pale kuna uwanja wa watoto wa mashimo tisa, na sheria yake naipenda sana: mtu mzima haruhusiwi kucheza mpaka awe amefuatana na mtoto.

NEEMA: Mtoto ndiye mwenyeji!

BARAKA: Mtoto ndiye mwenyeji, baba ndiye anayeombewa ruhusa. Na jirani hapo, Gullane, mji wenye viwanja vitatu vikubwa vinavyosifiwa duniani, wana uwanja mdogo wa mashimo sita kwa ajili ya watoto, na hautozwi ada. Hebu fikiria mtoto wako anacheza bure mita chache kutoka mahali ambapo watu wazima wanalipa mamia ya pauni. Upepo ni ule ule na majani ni yale yale.

NEEMA: Mimi nina la kusema kuhusu Gullane. Klabu ya gofu ya Muirfield iko hapo hapo, na ilikuwa ya wanaume peke yao hadi wanachama walipopiga kura mwaka 2017. Wanawake wa kwanza waliingia uanachama mwaka 2019. Juzi tu! Kwa hiyo ninapomwona binti wa miaka minane anapiga mpira wake pale kwenye uwanja wa watoto, kwangu hilo si jambo dogo. Akina mama mnaotusikiliza, msibaki mmekaa na mikoba pembeni. Chukueni fimbo.

BARAKA: Umesema kweli. Na wazee wa gofu wataniuliza, je, baba apate wapi raundi yake? Aende Musselburgh. Ni njia hiyo hiyo ya treni. Uwanja wa zamani wa Musselburgh una mashimo tisa, na uko ndani ya uwanja wa mbio za farasi. Kuna maandishi yanayoonyesha gofu ilichezwa pale mwaka 1672. Mashindano makubwa ya The Open yalifanyika pale mara sita, kati ya 1874 na 1889. Na ule upana wa shimo la gofu unaotumika dunia nzima leo, inchi nne na robo, unatokana na chombo cha kutobolea mashimo kilichotengenezwa Musselburgh mwaka 1829.

NEEMA: Dunia nzima inatumia shimo la mji ule mmoja.

BARAKA: Hata shimo la Lugalo kule Dar es Salaam, hata la Nyali kule Mombasa. Na ada yake haifanani hata kidogo na hadhi hiyo. Ukitaka, unakodi fimbo za mbao za mtindo wa kale ucheze kama walivyocheza wao. Angalia tu ratiba ya farasi, maana siku ya mbio gofu hakuna.

NEEMA: Sasa tuje kwenye bia. Wasikilizaji wanajua mimi situmii kilevi. Lakini kiwanda cha bia nakipenda, na nitawaambia kwa nini. Mtoto wa mjini anadhani kila kitu kinazaliwa dukani. Mpeleke aone shayiri, tena East Lothian shayiri iko mashambani anaiona kwa macho yake dirishani mwa treni. Inalowekwa ikachipua, inakaushwa, hapo imekuwa kimea. Inasagwa, inatiwa maji moto, utamu unatoka. Inachemshwa na maua ya hopsi ili ipate uchungu. Kisha hamira inafanya kazi yake. Sayansi yote ya darasa la sita iko mle ndani.

BARAKA: Na kwa sisi wa Kilimanjaro hakuna kigeni. Bibi alipika mbege kwa njia hiyo hiyo. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichache. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, ndicho kimea chetu. Na uchungu? Gome la msesewe. Wao wana hopsi, sisi tuna msesewe. Nilipomweleza mpishi mmoja wa bia kule, alinishikilia kwa maswali kuhusu gome lile mpaka wenzangu wakaanza kuniita tuondoke.

NEEMA: Viwanda gani sasa?

BARAKA: Cha kwanza ni Belhaven, mji wa Dunbar. Kilianzishwa mwaka 1719, na kwa hesabu hiyo ndicho kikongwe kuliko vyote vinavyoendelea Uskoti. Tangu 2005 kimekuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, Greene King, lakini bado wanapika pale pale Dunbar. Ukitaka kuzungushwa ndani, wasiliana nao mapema, na uliza umri wa watoto wanaoruhusiwa. Usifike mlangoni na familia bila kuuliza. Baada ya hapo mji wenyewe unatosha: ufuko wa Belhaven ni mpana, na nyumba aliyozaliwa John Muir mwaka 1838 ni makumbusho isiyo na kiingilio.

NEEMA: Yule aliyepigania hifadhi za taifa Marekani.

BARAKA: Ndiye. Mtoto wa Dunbar. Na gofu ya hapo ni Winterfield, ipo juu ya bahari kabisa, nafuu ukilinganisha na majirani zake wakubwa. Cha pili ni Stewart Brewing, kule Loanhead, nje kidogo ya Edinburgh. Hiki ni kipya, cha mwaka 2004, kilianzishwa na mtu na mkewe. Wana sehemu ya kukaa na chakula. Pale agiza ale ya Kiskoti, ile bia yenye rangi ya kahawia. Utaona imeandikwa 80 na alama ya shilingi. Zamani bia yao iliitwa kwa bei ya pipa: ya shilingi 60 nyepesi, ya 70, ya 80 nzito zaidi. Shilingi ilishaondoka Uingereza tangu 1971, lakini kwenye bia bado ipo.

NEEMA: Na kwetu bado ipo mfukoni. Kaka, naomba nichukue nafasi, maana chaguo langu mimi haliko pwani. Ni Traquair.

BARAKA: Endelea, nilijua utafika hapo.

NEEMA: Traquair ni nyumba ya kale, kusini ya Edinburgh, karibu na mji mdogo wa Innerleithen. Treni haifiki, unapanda basi la Peebles na Galashiels. Watu wanaishi ndani ya nyumba ile mpaka leo. Chini yake kulikuwa na kiwanda cha bia cha karne ya 18 kilichosahaulika, kimejaa vitu vya stoo. Mwaka 1965 mwenye nyumba, Peter Maxwell Stuart, akakifufua, na vyombo vya mbao vile vile vya kale vikarudi kazini. Mpaka leo bia yao inachachukia kwenye mapipa ya mwaloni. Baba anaonja, lakini aangalie, ina kilevi cha zaidi ya asilimia saba.

BARAKA: Hiyo si ya kiu.

NEEMA: Si ya kiu. Watoto nao wana bustani ya vichochoro vya miti mirefu, wanapotea humo saa nzima wakicheka. Halafu kuna geti kubwa lenye sanamu za dubu. Lilifungwa mwaka 1745 baada ya mwanamfalme Charles Edward Stuart, aliyekuwa anapigania kiti cha ukoo wake, kupita, na wakaapa halitafunguliwa mpaka mfalme wa ukoo wa Stuart arudi kwenye kiti. Halijafunguliwa. Mwambie mtoto kisa hicho akiwa amesimama mbele ya geti lenyewe, uone macho yake! Na Innerleithen ina uwanja wa gofu wa mashimo tisa, bondeni. Siku moja, familia nzima, kila mtu kapata chake. Ila nyumba hufungwa kipindi cha baridi, kwa hiyo panga kati ya Aprili na Oktoba.

BARAKA: Hapa nataka tuwe wakali kidogo. Gari.

NEEMA: Sema.

BARAKA: Uskoti si England kwenye jambo hili. Tangu Desemba 2014 kiwango chao cha kilevi kwa dereva ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu. England ni 80. Mtu amezoea painti moja ya bia kule Leicester, anavuka mpaka anafanya hivyo hivyo, na painti hiyo moja inaweza kumpeleka mahakamani. Una watoto nyuma ya gari, ndugu yangu. Siku ya kiwanda ni siku ya treni au basi. Au dereva ni yule asiyeonja kabisa, na huyo anunuliwe chupa ya kwenda kunywa nyumbani ili asijione kaonewa.

NEEMA: Na gofu ije kwanza, asubuhi. Kiwanda mchana, baada ya chakula.

BARAKA: Daima. Isipokuwa mwezi Juni, maana jua linazama karibu saa nne usiku. Viwanja vingi vinapunguza ada jioni, na mwanga bado mnao wa kutosha mashimo tisa. Hiyo ndiyo siri ya bei. Jioni, siku za katikati ya wiki, na mashimo tisa badala ya 18. Mtoto naye hachoki.

NEEMA: Agosti je?

BARAKA: Agosti Edinburgh ina matamasha, vitanda vinapanda bei vibaya. Kama shule inawalazimisha Agosti, laleni Dunbar au Musselburgh, mjini mwende kwa treni. Likizo fupi ya mwisho wa Mei ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote.

NEEMA: Swali la mwisho, la akina mama. Mavazi?

BARAKA: Koti la mvua na sweta, hata Julai. Upepo wa bahari ile hauna huruma. Jinzi kwenye viwanja vya watoto hakuna atakayekuuliza, ila klabu kubwa wana masharti ya mavazi, soma kwenye tovuti yao kabla ya kulipa. Na fimbo za watoto uliza kama wanakodisha, usinunue seti nzima kwa ajili ya wiki moja.

NEEMA: Wasikilizaji, mkienda tuandikieni, tuambieni mtoto gani alimshinda baba North Berwick. Wiki ijayo tutakuwa na wageni. Asante, kaka Baraka.

BARAKA: Asante, dada Neema. Kwaherini.